Sufuria za Bi Saumu

Ugomvi wa sufuria za Bi Saumu ulianza mwaka 1994, siku ya arusi ya wifi yangu Mwanaisha. Mimi nilipoolewa katika nyumba ile niliukuta umeshakomaa. Mama mkwe wangu, Bi Rukia, hushikilia kwamba nduguye huyo, Bi Saumu, alituza sufuria tano. Mwenyewe hushikilia kwamba alituza sita. Kwetu Mombasa tunza huandikwa kwa sababu hurudishwa. Kurudisha pungufu ni aibu, na kurudisha zaidi ya ulichopewa nako huzua maneno. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la kutaniana barazani. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, mjukuu wa Bi Saumu alipoposwa na arusi ikapangwa Mfungo Mosi, utani ukaisha.

"Orodha ninayo," akasema mama. "Niliichapa mwenyewe. Imo kwenye kompyuta yangu."

Kompyuta yake ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa leso mbili, moja juu ya nyingine. Mama alikuwa mpangaji wa maandishi katika duka la kupigia chapa kadi za arusi, na duka lilipofungwa mwenyewe alimpa mashine ile badala ya sehemu ya haki zake. Ni Macintosh Classic, aina ambayo Apple waliitoa Oktoba 1990: sanduku moja la rangi ya maziwa, skrini ya inchi 9 isiyojua rangi ila nyeusi na nyeupe, na juu pana mfuo wa kutia vidole uibebe kama ndoo. Pamoja nayo palikuwa na disketi moja, na juu yake, kwa mwandiko wake uliosimama wima, mama ameandika "Arusi Mwanaisha".

Mume wangu Salim akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: kwa nini tusiipeleke hiyo disketi saiba wakaifungua? Haiwezekani, na sababu yake inafaa kuelezwa. Disketi ile ni ya kilobaiti 800. Mashine za Macintosh ziliandika disketi za aina hiyo kwa kubadilisha mwendo wa kuzungusha, polepole kwenye njia za nje na haraka kwenye za ndani, ili zipate nafasi zaidi. Kisomeo cha disketi cha kompyuta ya kawaida huzungusha kwa mwendo mmoja tu, kwa hiyo kwake disketi ya mama ni tupu. Tulihitaji Macintosh ya zamani iliyo hai, na yetu ilikuwa mbele yetu, juu ya kitanda.

Hapo nikafanya kosa la kwanza: nikaichomeka.

Nafundisha fizikia sekondari na nilijua kwamba mashine iliyolala miaka zaidi ya ishirini kwanza hufunguliwa, ikaangaliwa, ndipo ikapewa umeme. Lakini mama alikuwa amekaa kitandani ameshika miwani tayari. Nikabonyeza swichi. Mashine ile ikiwa nzima hutoa mlio mmoja inapoamka; haikulia. Skrini ikajaa mistari, myeusi kwa myeupe, kama kikoi kilichotandazwa. Nikaizima na kung'oa plagi.

"Imekufa?" akauliza mama.

"Haijafa, mama. Nadhani imevuja."

Kilichovuja ni kapasita. Kati ya miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, watengenezaji walihama kutoka kapasita zenye miguu mirefu wakaingia kwenye vikopo vidogo vya alumini vinavyokaa juu ya bodi. Ndani ya kikopo pana ukanda wa alumini uliovingirishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika, na chini kimezibwa kwa mpira. Baadhi ya vimiminika vya wakati ule vilikuwa vikali kuliko mpira wenyewe. Miaka ikipita huchuruzika, husambaa juu ya bodi, hupitisha umeme mahali pasipopaswa na kuila shaba. Kompyuta, kamera za video na vyombo vya viwanda vingi vya wakati huo viliugua maradhi haya haya. Na chombo kikiwekwa tu hakipumziki: kimiminika kinaendelea kula. Mwenye mashine ya umri huo anayeniambia "yangu ni nzima, siiwashi, naitunza", mimi humwomba aifungue leo.

Kufungua nako kulituchukua Shaabani nzima. Skrubu mbili za juu zimezama ndani kabisa ya mfuo wa kubebea, nazo zataka bisibisi ya nyota ya T15 yenye shingo ndefu. Bisibisi za nyumba nzima hazikufika. Salim alizunguka kwa mafundi hadi akaipata kwa fundi wa pikipiki, kwa kuazima, kwa sharti irudi kabla ya Ramadhani. Kifuniko kilipotoka nilimkataza binti yetu Aisha asisogee, kwa maana shingo ya kioo cha skrini ni nyembamba na ikigongwa huvunjika, na ule waya mnene unaoingia ubavuni mwa kioo hubeba zaidi ya volti elfu kumi mashine ikiwaka. Nikaiacha kutwa kucha bila umeme kabla ya kuingiza mkono. Cha kwanza kutoa kilikuwa betri ndogo ya lithiamu ya volti 3.6. Namshukuru Mungu ilikuwa haijapasuka; ikipasuka huila bodi ikabaki kutu tupu.

Bodi yenyewe ilionekana kama sahani iliyolambwa. Kuzunguka kila kikopo palikuwa na unyevu wa kung'aa, na lehemu iliyokuwa ya fedha imekuwa ya kijivu kama jivu la mkaa.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani, baada ya adhuhuri, nyumba imetulia na watu wamelala, niliwasha chuma cha kulehemu nikaanza kuvitoa. Joto lilipokigusa kikopo cha kwanza, harufu ikapanda. Harufu ya samaki. Wala si mbichi: ya samaki aliyekaa, ya ng'onda. Waliowahi kufanya kazi hii wanaijua. Kimiminika kilichovuja kikipashwa moto ndivyo kinavyonuka. Mimi niliisoma vitabuni na sikuitilia maanani. Feni ikaichukua ikaipitisha ukumbini, ikaingia chumba cha mama, ikashuka ngazi.

"Nani akaanga samaki mchana huu?" Sauti ya mama ilitokea chumbani, na haikuwa sauti ya usingizi. Salim akaamka. Aisha, ambaye mwaka ule alikuwa akijaribu kufunga nusu siku, akaapa kwamba si yeye. Jirani wa chini, mtu mzima wa heshima, akabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa aliyeruhusiwa kula, maana yeye ana maji ya zamzam angependa kumletea. Nikalazimika kumpandisha bwana yule mpaka chumbani nimwoneshe kikopo cha alumini kikubwa kama punje ya hindi, anuse mwenyewe. Alinusa. Akasema, "Subhanallah," akashuka.

Vile vikopo sikuving'oa kwa koleo. Pedi za shaba zilizokwisha kuliwa hushikilia bodi kwa shida, na ukivuta kikopo pedi hufuata. Unaongeza lehemu mpya pande zote mbili, unapasha huku na huku mpaka kikopo kiteleze chenyewe. Hata hivyo pedi moja ilinitoka. Niliiona imebaki chini ya kikopo, nyembamba kama gamba la dagaa, moyo ukanishuka. Ilibidi nifuate njia yake ya shaba kwa lenzi mpaka tundu lililo karibu, nilehemu uzi mmoja wa waya mwembamba kuwa daraja. Iliniondokea alasiri nzima.

Kisha bodi ikaoshwa. Salim aliingia jikoni saa ya kuandaa futari akanikuta nimeinamia beseni la vyombo, bodi ya kompyuta imo ndani ya maji ya uvuguvugu na sabuni, naisugua kwa mswaki laini.

"Mama Aisha! Waiua!"

Haifi. Bodi isiyo na umeme wala betri haidhuriki kwa maji. Hudhuriwa na maji yanayobaki, na chumvi iliyomo ndani yake. Na hilo kwetu ni jambo kubwa, kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi. Suuza ya mwisho nilitumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, kisha spiriti, kisha siku mbili juani kwenye sakafu ya juu. Aisha aliwekwa mlinzi mwenye fimbo, kwa sababu kunguru wa Mombasa hawaachi kitu kinachong'aa.

Hadi hapo kazi ilikuwa ya mikono. Ugumu ulikuja kwenye kununua.

"Si umesema vimeandikwa?" mama akaniuliza. "Arubaini na saba. Nenda dukani uwaambie wakupe arubaini na saba."

Ni kweli, vingi vilikuwa vimeandikwa 47 na 16: maikrofaradi 47, volti 16. Na ni kweli pia kwamba watu wengi hununua hivyo, kwa kulinganisha namba na namba. Nataka kusema wazi kwamba hilo halitoshi. Namba mbili zile zinasema kikopo kina ukubwa gani na kinastahimili nini. Hazisemi kilikuwa kikifanya kazi gani pale kilipokaa, na kazi ndiyo inayoamua.

Nilimpandisha mama juu, kwenye tangi letu la maji. Mji wa Kale maji ya mfereji huja kwa siku zake, na nyumba huishi kwa tangi. Kapasita ni tangi. Umeme huja kwa mikupuo, lakini bomba la jikoni lataka mtiririko usiokatika; tangi hupokea mkupuo likatoa mtiririko. Maikrofaradi ni ukubwa wa tangi. Volti ni uimara wa ukuta wake: ukuta mnene kuliko unavyohitaji haudhuru, ila hula nafasi, ukuta mwembamba hupasuka. Kwa hiyo penye kapasita ya volti 16 unaweza kuweka ya 25 ikiwa inaingia, usiweke ya 10. Na ukubwa wenyewe una kulegea kwake: nyingi za aina hii hukubaliwa kiwandani zikiwa asilimia 20 juu au chini, yaani ile ya 47 inaweza kutoka na 38 au 56 na bado ikaitwa 47.

"Sasa tazama hili bomba," nikamwambia. "Tangi ni la lita elfu. Lakini lau bomba la kutokea lingekuwa jembamba kama kalamu?"

"Tungekaa na tangi limejaa na jikoni hakuna maji."

"Ndiyo hivyo." Kila kapasita ina ukinzani wake wa ndani, nao ndio bomba. Katika sehemu ya mashine inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 5 na 12, kapasita hujazwa na kumwagwa makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Ukiweka pale kapasita ya kawaida, hata kama namba zake mbili ni zile zile, bomba lake jembamba litaikaanga kwa joto lake yenyewe. Pale huwekwa zenye ukinzani mdogo, na karatasi ya mtengenezaji husema waziwazi ni kiasi gani na zinahimili mkondo upi.

Mama alilitazama tangi. Kisha akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza bila kusukumwa: "Na hili jua je? La kwanza lilipasuka kwa jua."

Joto ndilo muuaji. Kapasita huandikwa digrii 85 au 105, na karibu yake saa za kuishi, tuseme 2,000. Maana yake ni kwamba katika joto hilo inatarajiwa kufika saa 2,000, na mafundi hukadiria kwamba kila digrii 10 unazoshuka umri huongezeka mara mbili. Ndani ya sanduku lile, tukichukulia digrii 65, ile ya 105 itapata saa 32,000. Kwa saa nne kila siku ni karibu miaka 22. Ile ya 85, katika joto hilo hilo, itapata saa 8,000, hata miaka sita haifiki. Dukani tofauti ya bei yake haifikii andazi.

"Basi nunua za mia na tano," mama akasema, akashuka.

Nikazinunua, kwenye duka moja la mjini, zote zimeandikwa 105. Nilipofika nyumbani nikazipima. Ya maikrofaradi 470 ikasoma 190. Nikachukua ya pili, vile vile. Nikaipasua moja kwa koleo: ndani ya kikopo kikubwa palikuwa na kikopo kidogo, kimevikwa nguo ya mkubwa. Nilirudi dukani na vipande vyangu. Walinirudishia pesa bila mjadala, na niliona wazi kwamba na wao walitendwa na aliyewauzia. Tangu siku ile sinunui kapasita bila kuipima na kuitia mkononi kusikia uzito wake. Wala sikushawishika na fundi mmoja aliyenipa za bure, "mpya za zamani", zimelala kwenye droo tangu enzi za mashine yenyewe. Kapasita ya kimiminika huchakaa hata ikiwa kwenye pakiti. Ile ngozi nyembamba ya oksidi inayoizuia isipitishe umeme hudhoofika bila kutumika. Kuirejesha mashine ya 1990 si kuitafutia kapasita ya 1990.

Shemeji yangu Hamisi aliye Nairobi akanisaidia. Baadhi alizipata Luthuli Avenue, nyingine akaziagiza nje kwa wasambazaji walioidhinishwa na watengenezaji, za Nichicon na Panasonic, nikazilipia bila kulalamika. Moja nilimsisitizia mara tatu kwa simu: ile inayokaa kwenye njia ya umeme wa ukutani yenyewe, kati ya waya mbili za plagi, lazima iwe imeandikwa X2. Umeme wetu wa volti 240 hupanda hadi 339 kwenye kilele cha kila wimbi, na umeme unaporudi baada ya kukatika huja na vishindo vinavyopita hapo mbali. Kapasita ya daraja la X2 imejaribiwa kwa vishindo hivyo. Ile ya kawaida ya volti 400 inaonekana inatosha kwa hesabu, lakini haikuahidiwa kwa kazi hiyo, na ikishindwa hapo, hushindwa kwa moto. Mahali pale sitaki mtu abahatishe, hata kwa siku moja.

Kwa bodi yenyewe niliamua nisirudishe vikopo vya kimiminika. Seramiki nilizifikiria nikaziacha, kwa sababu zile zenye uwezo mkubwa hupungua zinapobanwa na volteji. Ya 47 inaweza kubaki chini ya nusu. Za polima ni nzuri na hazina cha kuvuja. Nilichagua tantali: ndogo, za manjano, hazinuki. Tantali ina sharti lake, usiikaribishe kwenye mpaka wa volti zake. Penye volti 5, ya 16 imestarehe. Penye volti 12 nilikataa ya 16 nikaweka ya 25.

Nikazilehemu usiku, baada ya tarawehe, nimechoka. Kesho yake jioni, dakika chache kabla ya adhana, meza imetandikwa, mihogo ya nazi na kaimati ziko juu yake, na mashine mwisho wa meza kwa sababu hapo ndipo penye soketi, nikasema niijaribu tu.

Mwako ulitoka kama wa kibiriti, mweupe, ukafuatiwa na moshi wa kahawia. Aisha akapiga kelele, "Moto!" Salim akang'oa plagi kwa waya wake, bakuli la kaimati likaenda na waya, shira ikamwagika mpaka kwenye mkeka. Mama alikuwa wa kwanza kufika, ameshika leso ya kuzimia. Hakukuwa na cha kuzima. Tantali moja ilikuwa imegeuka mkaa.

Nilijua papo hapo, na nilikaa chini. Vile vikopo vya alumini vina alama nyeusi upande wa hasi. Tantali ina mstari upande wa chanya. Nawafundisha watoto wa watu jambo hili kila mwaka. Usiku ule, macho yamezoea kuutafuta mstari na kuuelekeza hasi, moja niliigeuza, na tantali iliyogeuzwa haisamehe.

Tulifuturu kwa tende na uji, shira imekauka mkekani. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Baada ya kula mama akaomba aletewe bodi, taa ya mezani na lenzi.

"Nilikuwa nikisahihisha kadi," akasema. "Jina la bwana arusi likikosewa herufi moja, kadi mia tatu zimekwenda. Husomi peke yako ulichopanga mwenyewe. Jicho lako limeshaamini."

Akanitaka nichore bodi nzima kwenye karatasi, kila kapasita na upande wake wa chanya, kutoka kwenye picha nilizopiga kabla sijatoa kitu. Kisha mimi nikasoma kutoka kwenye karatasi na yeye akatazama kwenye bodi. "Chanya kulia." "Mstari kulia, sawa." "Chanya juu." "Juu, sawa." Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, tukarudi kwa kuanzia nyuma, kwa sababu alisema kosa hujificha kwa anayesoma kwa mazoea. Ile iliyoungua tu ndiyo iliyokuwa imegeuzwa. Nikaibadilisha yeye akiwa ameshika taa.

Bodi ya umeme tuliimaliza kumi la mwisho, kwa utaratibu ule ule: mimi nasoma, yeye anatazama. Hapo tulihangaika na urefu, kwa sababu kapasita nyingine ni nyembamba kuliko za zamani na miguu yake haifiki kwenye matundu, na nyingine ni ndefu zikataka kugusa shingo ya kioo. Hesabu ya miguu na kimo ilipaswa kuingia kwenye oda tangu mwanzo. Mbili ilibidi Hamisi azibadilishe, zikaja na basi la usiku. Kisomeo cha disketi nacho kilikuwa na grisi iliyoganda kama nta. Nikaisafisha, nikatia mpya kidogo.

Siku ya pili ya Idi, wageni wamepungua, tukaiwasha. Sikuiweka karibu na chakula.

Ililia. Mlio mmoja, mdogo, safi. Mama akashika kifua. Skrini ikatulia kijivu, bila mstari, kisha ikatokea picha ya disketi yenye alama ya kuuliza: diski kuu haikuzunguka, imeganda. Kwa mashine nyingine ungekuwa mwisho wa siku ile. Lakini Apple waliweka ndani ya ROM ya Classic mfumo mzima, toleo 6.0.3, na huamshwa kwa kushikilia vibonye vinne pamoja wakati wa kuwasha: Command, Option, X na O. Vidole vyangu viwili, vidole vya mama viwili. Ikaamka.

Nikamwachia disketi aiingize mwenyewe. Ilisagasaga, ikanyamaza, ikasagasaga tena. Programu ya kuandikia ilikuwa humo humo pamoja na mafaili yake. Akashika kipanya bila kukitazama, kama aliyekiacha jana, akafungua, akashuka na orodha jina kwa jina. Wengine walikuwa wamefariki, na kila alipowafikia alisimama akawarehemu, tukasubiri.

Kisha akasimama kwa muda mrefu kuliko kwa marehemu yeyote. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Nikainama nisome begani kwake.

*Saumu. Leso mbili. Sufuria 6, vifuniko 5.*

"Aisha," akasema mama, "niletee simu yangu."

Aisha akaileta. Ikaita mara mbili.

"Saumu? Idi njema, ndugu yangu. Hebu niambie, kile kifuniko cha sita ulikiweka wapi?"